Nilimwachisha mke wangu vidonge vya kalsiamu kwa sababu maji yetu yana chokaa

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Iguguno, Singida, na aliyekosea ni mimi. Kwa hiyo sina sababu ya kupamba wala kuficha.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, zamani vitabu vya mitumba, siku hizi simu. Kila kisima nilichofungua nimekiandika kwenye daftari, kina chake na hali ya maji yake.

Mke wangu, mama Elia, alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, kwa miaka mingi. Lilipoanza kumbana koo hadi akashindwa kulala chali, tukaenda hospitali kubwa, akapasuliwa. Tezi ya shingo ilitolewa yote. Sauti haikuharibika na kidonda kilikauka vizuri.

Tukaruhusiwa na dawa tatu. Ya kwanza ya kuziba pengo la tezi. Ya pili vidonge vikubwa vyeupe vya kalsiamu, mara tatu kwa siku. Ya tatu vidonge vidogo vya vitamini D. Nesi alisisitiza tusiache hata siku moja mpaka turudi kliniki.

Nilimsikia. Niliandika hata kwenye daftari.

Sasa kosa lenyewe.

Wanaoijua Singida wanayajua maji yetu. Birika likitumika miezi miwili, ndani linaota ukoko mweupe. Mimi kazini naukwangua ukoko huo kwenye mabomba kwa patasi, na nilishasoma kwamba ndani yake kuna kalsiamu.

Mke wangu alikuwa analalamika kwamba vile vidonge vinamfunga choo. Nikasoma tena, nikakuta kalsiamu ikizidi inaweza kuleta mawe kwenye figo. Nikajiuliza: kama anakunywa maji haya kutwa nzima, na vidonge juu yake, si tunamzidishia?

Nikamwambia aviache, vikubwa na vidogo. Akabaki na ile ya tezi peke yake.

Dada yake, Rehema, aliyekuja kumuuguza, hakukubali. Akaniambia, "Shemeji, wewe si fundi wa mabomba?"

Nikamjibu kwamba mwili nao ni mabomba. Tukacheka wote watatu. Kicheko hicho ndicho kinachonisumbua zaidi mpaka leo.

Siku ya tatu mke wangu akasema midomo inafanya ganzi na ncha za vidole zinachomachoma. Nikasema ni uchovu wa upasuaji.

Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, alikuwa amekaa uani anapepeta mtama. Nikasikia ungo umeanguka.

Nilipotoka, mikono yake yote miwili ilikuwa imejikunja kwenye vifundo, vidole vimekusanyika kama vya mtu anayechota chumvi. Akili yake ilikuwa timamu. Alinitazama akasema, "Baba Elia, nifungue vidole."

Nikavishika, nikavuta. Mimi ninayefungua nati zenye kutu ya miaka kumi, nikashindwa kufungua vidole vya mke wangu.

Jirani mmoja akasema degedege, mwingine akataja mashetani. Rehema hakubishana nao, alikuwa ameshaita gari.

Kituo cha afya mikono ilikuwa imeanza kulegea, nami nikaanza kupumua. Mhudumu akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza hewa. Wakuu, mkono ule uliofungwa ukajikunja upya mbele ya macho yangu, taratibu, kama kuna mtu anauvuta kwa kamba. Sijawahi kushtuka namna ile.

Mhudumu akaacha kila kitu, akamwondolea kanga shingoni, akaona kovu. Hapo hapo akaagiza gari la wagonjwa.

Singida mjini tulipokelewa na daktari ambaye kwa umri ni mwanangu. Akaniamkia kwanza, ndipo akauliza kalsiamu ilinywewa lini mara ya mwisho. Nikasema siku ya tano sasa.

"Nani alimwachisha, mzee?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Akamwekea kalsiamu kwenye mshipa, polepole mno, huku mashine ikifuatilia moyo. Nikauliza moyo unahusikaje. Akasema kalsiamu ikishuka sana, mapigo nayo yanaweza kuvurugika. Alilisema kama jambo la kawaida. Mimi nilikaa sakafuni.

Baadaye alinielewesha. Kalsiamu ya damu ikipungua misuli hujikaza yenyewe, na mkono ukibanwa na kile kitambaa cha presha ndiyo unajikunja zaidi. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, na ndivyo vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Katika upasuaji vinaweza kuguswa vikazimia, vikakosa damu, au kimoja kikatoka na tezi.

Walio hatarini zaidi ni waliotolewa tezi yote, wenye rovu kubwa, waliopasuliwa mara ya pili, wale ambao tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, na wenye upungufu wa vitamini D tangu mwanzo.

Mke wangu alikuwa na matatu kati ya hayo. Upungufu wa vitamini D uliandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Karatasi ninayo mimi.

Maji yetu yana kalsiamu kweli, sikukosea hapo. Lakini ni kidogo mno kwa mtu ambaye vitezi vyake vimelala, na bila ile vitamini utumbo wake hauipokei ipasavyo. Nilikuwa na nusu ya ukweli, na nikaitumia kumtibu mtu.

Amerudi nyumbani, mikono inafanya kazi. Vitezi vinaweza kuamka, vinaweza visiamke. Kliniki ndiyo itakayotuambia.

Siku ya kwanza nilimpelekea dawa mwenyewe, na glasi ya maji. Akaniuliza, "Hizi umezisoma?"

Nikasema nimezisoma.

"Basi mpe Rehema naye azisome."

Funzo langu ni hilo. Kusoma sijaacha, ila dawa iliyotolewa na daktari itaondolewa na daktari. Na ganzi ya midomo au vidole baada ya kutolewa tezi si uchovu, wahini hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye ndugu waliopitia hili, vitezi vyao viliamka baada ya muda gani? Andikeni hapa chini, nitasoma kila neno. Rehema pia atasoma.