Mpaka wa Mama Karatasi

Kazini walimwita Mama Karatasi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mbegu mia moja kutoka kwenye gunia, kuzipanga juu ya karatasi iliyoloweshwa, kuikunja, kisha kungoja siku zake aone ngapi zimeota. Lebo ya gunia ikisema mbegu tisini katika mia huota, yeye huanza kwa kuiamini. Zikiota themanini na saba, hamwonei mtu: bahati tu ya kiganja kilichochota. Lakini zikiota themanini na nne au pungufu, basi tena, gunia halitoki kwenda kuuzwa. Bahati mbaya peke yake huleta upungufu wa namna hiyo mara nne hivi katika mia, na Mama Karatasi alikuwa tayari kukosea mara hizo chache.

Wenye magunia walimchukia, sikufichi. Mmoja aliwahi kumlilia pale mezani, "Dada yangu, themanini na nne na themanini na tano zina tofauti gani? Mbegu moja tu!"

"Mpaka niliuweka kabla sijakunjua karatasi, kaka. Nikiusogeza baada ya kuona, nitakuwa napima huruma yangu, sipimi mbegu."

Mdomo huo! Nyumbani sasa, hakuwa na wa kumtolea. Mume alishamzika, na mwana wake wa pekee alihamia mji wa mbali kufanya kazi ya umeme. Siku ya kuondoka alimkumbatia mama yake akicheka, "Nakujua kwa simu, mama. Lakini katika kila mbili, moja nitashika. Naahidi." Chumba chake kikabaki kimetandikwa. Kila Jumamosi mama alikifagia, akafungua dirisha, akakaa kidogo kitandani, akalifunga.

Ndipo muuguzi wa jirani, aliyechoka kubanana kwa dada yake, akaja kuuliza kama kile chumba kinapangishwa. "Nipe muda, mwanangu," Mama Karatasi akamjibu. Alitaka kujua kwanza kama bado ana mtoto wa kumwekea chumba.

Akafanya analolijua. Akaanza kwa kuiamini ahadi: nusu. Angepiga simu ishirini. Zikishikwa sita au zaidi, huenda ni bahati tu, hana haki ya kumhukumu mtoto. Tano au pungufu, chumba kitolewe. Alilisema kwa sauti, peke yake jikoni, sufuria zikimsikiliza.

Zikashikwa nne.

Loh! Mwanamke aliyewatoa watu jasho akaanza kujitetea kama wao. Labda mtandao. Labda mpaka ungekuwa tatu. Aibu ikamshika, akaurudisha palepale. Ila jambo moja lilikuwa na haki yake: simu zote alizipiga jioni, akishaosha vyombo. Kazini angemfokea yeyote anayechota mbegu za juu ya gunia bila kuingiza mkono katikati na chini. Huenda jioni mwanawe yuko hoi. Moyo ukamruka kwa furaha. Angeanza ishirini nyingine, safari hii za saa mchanganyiko.

Ya kwanza aliipiga Jumatano saa nne asubuhi, kwenye ua wa kazini. Ikashikwa kabla haijaita mara ya pili.

"Mama! Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, baba. Nilitaka kukusikia tu."

Akamsikia anashusha pumzi, kisha sauti ikapoa. "Ah, mama, umenitisha bure. Niko kazini. Nitakupigia jioni."

Jioni alikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Haikuita. Alilia, nako kulia peke yako ni kazi, maana hakuna wa kukuambia inatosha. Zile simu kumi na tisa zilizobaki hakuzipiga. Simu moja si kipimo, alijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini hofu ile aliisikia vizuri. Kwa mwanawe, mama kupiga simu asubuhi maana yake msiba.

Asubuhi akampelekea muuguzi ufunguo.

"Na mwanao akija, mama?"

"Nitamtandikia sebuleni," akasema Mama Karatasi. "Wageni wangu wote hulala hapo."