Viatu Vinavyonasa Pedali

Fundi wa baiskeli pale Ziwani alikuwa ametundika jozi ya pedali ndogo mno, ambazo sikuona mguu ungekaa wapi. Nikamuuliza. Akasema haukai, unashikwa: kiatu kina kipande cha chuma chini ya soli, unakanyaga, kinanasa, ukitaka kujitoa, unazungusha kisigino kwa nje. Nilikuwa nikienda kazini kwa baiskeli kila siku na sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nilitaka kukijaribu siku hiyo hiyo.

Alikuwa na viatu vya mtumba jozi mbili. Vya kwanza vilimeremeta, ila chuma kilijitokeza nje, na nilipotembea navyo vililia kama kwato za mbuzi. Vya pili vilikuwa vizito, soli ya mpira, chuma kimezama ndani.

"Dada, ukishuka utatembea?" aliniuliza.

Swali gani hilo? Nani hatembei huku kwetu? Nikachukua vya pili, naye akanifungia zile pedali kwenye baiskeli yangu.

Wiki nzima nilijifunza nikiwa nimeshika ukuta wa nyumba, nanasa, nanasua, mpaka nikajiona bingwa. Jumamosi nikatoka. Karibu na kanisa nikakutana na mama mzee, jirani yetu, na mama kama huyo humwamkii ukiwa juu ya baiskeli. Nikasimama nimsalimie. Kisigino nikakisahau.

Nilianguka polepole, ubavu mzima, hadi miguuni pake.

"Pole, mwanangu." Akainama, akaichunguza ile pedali iliyokuwa bado imenishika. "Kwani uliogopa baiskeli itakuacha?"