Boti ya Mkunga

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la mikate, chini kidogo ya karatasi ya mbuzi aliyepotea, na wa kwanza kuliona alikuwa Mama Pacha, kwa kuwa ndiye aliyeufungua mlango huo kila siku kwenda kukanda unga. *Boti ya familia inauzwa. Imetumika ila haijachoka. Watu sita wanaenea. Wenye mzaha wasije.* Alilisoma mara mbili, akalibandua, akalitia kifuani, ili asije akalisoma mtu mwingine.

Mumewe alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa na saa ishirini na saba ukutani, na ole wake itakayopishana na wenzake hata kwa nusu dakika. Kwa miaka minne alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya boti, maana dada yake mama mkwe aliishi ng'ambo ya ziwa. Siku ya mwanga mzuri bati la nyumba yake lilionekana likimetameta, lakini kumfikia kwa barabara ilikuwa mabasi mawili na asubuhi nzima. Fundi aliposoma lile tangazo, ambalo sasa lilikuwa na unga, moyo ulimpiga, kisha ukanywea. Akiba yake ilikuwa robo tatu ya bei iliyoandikwa. Hakuwa na hata senti ya kuongezea.

"Atashuka," alimwambia mkewe. "Lakini asijue kwamba tunaitaka. Akijua tu, tumekwisha."

Basi jioni ile aliikusanya familia sebuleni kwa mazoezi. Meza ya kulia ikawa boti. Waliokuwepo ni mkewe, mama mkwe wake, na pacha wao wa kike wenye miaka saba.

"Mtu akikuonyesha kitu unachokitaka, unafanya uso gani?" aliuliza Fundi.

Pacha wakachanua meno yote, pamoja na mapengo.

"La hasha! Unafanya uso wa mtu aliyeramba ndimu. Hebu fanyeni."

Walifanya. Mama mkwe hakubadilika.

"Mama, na wewe."

"Uso wangu ndio huu, baba," alisema mama mkwe. "Ninao mwaka wa sabini na moja huu. Ukiukunja zaidi hautarudi."

Wakaafikiana kwamba yeye atakuwa akishusha pumzi kwa huzuni kila bei itakapotajwa. Mama Pacha alipewa maneno mawili tu: "Mbona ndogo?" Pacha waliapishwa wasifungue midomo. Walirudia mara tatu, na mara ya tatu Fundi mwenyewe alianza kuichukia ile meza.

Jumamosi, saa tano kamili, walibisha hodi kwa mwenye boti. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye mikono mifupi yenye nguvu, aliyewapokea watoto wa nusu ya mji huo na kuwaita wanadamu wote "mwanangu." Mkoba wake wa kazi ulikuwa bado umetundikwa msumarini nyuma ya mlango, kana kwamba angeitwa wakati wowote. Kifuani alikuwa na ile saa ya wauguzi, inayoning'inia kichwa chini. Fundi aliitazama mara moja tu akajua imekufa. Ikaanza kumwasha rohoni kama upele.

Mkunga aliwapeleka uani. Boti ilikuwa juu ya tela, imefunikwa turubai. Akaifunua taratibu, kuanzia upande wa mbele, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga blanketi.

"Haya, mwangalieni."

Ilikuwa ya buluu, na mstari mweupe ubavuni. Ilikuwa na injini ndogo nyuma, makasia mawili, na viti vya ngozi bandia ya kijani vilivyotiwa viraka kwa uangalifu. Pacha walipiga ukelele uliowatoa njiwa kwenye bati. Mama Pacha akakumbuka kazi yake, akafungua kinywa kusema "Mbona ndogo?" Likatoka, "Mbona nzuri!"

Fundi aliuma meno. Akamgeukia mama mkwe, tegemeo lake la mwisho. Lakini mama mkwe alikwisha omba kigoda, akakikanyaga, akapanda botini na kuketi kwenye kiti cha nyuma. Mkoba wake wa mkononi aliupakata. Akajaribu kuegemea, akaona panafaa.

"Mama, shuka tuikague kwanza."

"Kagueni. Mimi siwazuii."

Mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama, lakini Fundi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alitoa kile kioo chake cha kukuzia, akakibana jichoni, akaanza kuikagua boti kuanzia puani hadi mkiani, inchi kwa inchi. Alipima urefu, akapima upana, akahesabu skrubu zote na kuandika kwenye daftari zile tisa zilizoshika kutu. Akagundua ufa mwembamba kama unywele wa mtoto. Saa nzima ilipita akiwa amepiga magoti chini ya tela.

"Anatafuta nini huyu?" Mkunga alimnong'oneza Mama Pacha. "Chawa?"

Hatimaye Fundi alisimama, akajikung'uta magoti, akafanya uso wa ndimu, akataja robo tatu ya bei. Mama mkwe akashusha pumzi kama alivyofundishwa, ila pumzi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu.

"Mwanangu, ningekupa," alisema Mkunga, "ila kwa bahati mbaya kuna bwana mmoja mkubwa naye anaitaka. Amesema atapita saa hizi hizi."

Na kweli, kabla hajamaliza, geti likafunguka, akaingia mtu mrefu aliyevaa koti zito kwenye jua la saa sita, na miwani myeusi. Hakumsalimu mtu. Aliizunguka boti, akaipiga teke gurudumu la tela, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Naichukua," alisema kwa sauti ya puani. "Bei kamili. Tena nitaongeza."

Miaka minne ya akiba ilikuwa ikimponyoka mbele ya macho yake, ikiondoka na mtu wa koti. Hapo pacha, waliokuwa wamenyamaza muda mrefu kuliko siku yoyote ya maisha yao, wakashindwa.

"Shikamoo, Mjomba Kinyozi!"

Yule bwana mkubwa akajifanya hakusikia.

"Baba, ni Kinyozi! Yule anayetunyoa! Ona, ana nywele za watu mabegani!"

Kweli alikuwa nazo. Na kama hazikutosha, geti likafunguka tena, akachungulia kijana mmoja mwenye kitambaa cheupe shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu kina nywele za kutosha kufuga kuku.

"We Kinyozi," alifoka, "dada yako ameshauza hiyo boti au bado? Picha yangu ya pasipoti ni saa nane, na mpiga picha leo anafunga mapema!"

Kinyozi akavua miwani. Mkunga akamtazama mdogo wake kwa jicho la kumla mbichi.

"Nilikwambia uvae miwani uzunguke tu. Nani alikutuma kuongea?"

"Dada, ungenipa muda wa kujiandaa."

Aliyeanza kucheka ni Mama Pacha. Alicheka hadi akashika ubavu wa boti asianguke. "Mama, usimgombeze," alisema huku akijifuta machozi. "Hata sisi tulifanya mazoezi. Mume wangu alitufundisha juzi, mezani. Mimi nilipaswa kusema boti ni ndogo."

"Ndogo!" Mkunga alishika kiuno. "Mimi watoto wangu watano walikaa humo na baba yao!"

Kisha akacheka na yeye. Alipomaliza akakaa kwenye kigoda alichokiacha mama mkwe, akawa anaitazama boti. Watoto wake wote watano walikuwa wametawanyika, alisema mwishowe. Walimpigia simu Jumapili, wakauliza hali ya boti, na hakuna aliyekuja kuipanda. Yeye mwenyewe magoti yalikataa. Kila mvua iliponyesha alitoka kwenda kufunga turubai na kujiuliza anamfungia nani.

"Huyo bibi amekaa humo saa nzima," alisema akimwonyesha mama mkwe. "Miaka mitatu sasa hajakaa mtu. Haya, lete hiyo robo tatu yako."

"Na hiyo saa, Mama," Fundi aliropoka, kwa kuwa alishindwa kujizuia tena. "Kwa heshima yako, imekufa. Nitakutengenezea. Bure kabisa. Tafadhali."

"Ilikufa wiki niliyostaafu," alisema Mkunga, akaichomoa kifuani na kumpa.

Wangeishia hapo, wangekuwa wamefaulu. Kinyozi alimsogeza mama mkwe katikati ya kiti ili asiyumbe, maana alikataa kushuka. "Nikishuka leo, kesho nani atanipandisha?" Wote wakashika tela, wakaisukuma kwa furaha hadi getini. Pale getini ikagonga kushoto, ikagonga kulia, ikakwama. Nguzo za geti zilikuwa mpya. Mkunga alizijenga miaka mitatu iliyopita, boti ikiwa tayari ndani. Fundi, aliyepima kila kitu hadi kichwa cha skrubu, hakukumbuka kupima geti.

Walivuta, ikagoma. Walisukuma, ikazama zaidi. Fundi alianza kuzunguka ovyo akisema labda tuvunje ukuta, labda tuikate injini, labda arudishiwe hela.

"Kimya!" alisema Mkunga.

Sauti ilikuwa nyingine kabisa. Kila mtu aliganda, hata mama mkwe juu kule. Mkunga alikuwa amekunja mikono ya gauni lake hadi juu ya viwiko.

"Baba ni nani hapa?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Baba asimame pale ukutani. Akisikia kizunguzungu akae chini. Asiguse kitu."

Fundi akaenda ukutani.

Mkunga aliipapasa boti pande zote mbili kwa viganja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Imetanguliza makalio," alisema. "Tutaigeuza. Irudisheni ndani, polepole. Pacha, leteni mafuta ya kupikia jikoni, chupa nzima."

Wakairudisha, wakaigeuza pua mbele, wakaipaka mafuta mbavu zote mbili. Yule kijana wa pasipoti akawekwa kushoto, Kinyozi kulia, Mama Pacha nyuma. Majirani wakajaa barabarani.

"Sukuma! Sukuma, sukuma, sukuma… Acha! Nani amekwambia usukume wewe mwenye nusu kichwa? Pumua. Nyote pumueni."

"Nachoka," alisema Kinyozi.

"Wote husema hivyo. Haya, ikija tena, usiipoteze. Sukuma!"

Mama Pacha, uso umemwiva, jasho likimtiririka hadi kidevuni, alimgeukia mumewe pale ukutani. "Umeona?" alimwambia. "Umeona sasa? Na siku ile walikuwa wawili!"

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, uso mweupe kama unga wa mkewe, akiminyaminya ile saa mkononi.

"Naona pua!" Mkunga alipaza sauti. "Iko njiani! Mara moja tu, ya mwisho, kwa nguvu zote!"

Boti ikakwaruza, ikalia, ikateleza, ikachomoka barabarani kwa kishindo, mama mkwe akiwa amekaa wima kama malkia na mkoba mapajani. Majirani wakapiga makofi. Mkunga akaipiga boti makalio makofi mawili ya nguvu, akasikiliza.

"Saa ngapi?" aliuliza kwa mazoea ya kazi.

"Saa nane na dakika kumi na moja na nusu," alisema Fundi. Hilo angelijua hata akiwa amezirai.

"Saa *nane*?" alipiga yowe yule kijana, akatimua mbio na kitambaa chake shingoni. Baadaye walisikia alipigwa picha vilevile, akiwa amegeuza upande, na kwamba ofisini waliikataa.

Jumapili iliyofuata walivuka. Fundi alikuwa amechora ratiba: kushika usukani robo saa kila mmoja, yeye kwanza. Alipowazungusha mahali pamoja mara nne, mkewe aliuchukua usukani na hakuurudisha. Yeye alikabidhiwa kopo, maana ule ufa wa unywele ulikuwa ukilia machozi kidogo. Katikati ya ziwa injini ilikohoa ikazimika. Fundi alingoja watu waanze kulalamika. Hakuna aliyelalamika. Mama mkwe alikuwa amesinzia kinywa wazi, pacha walitia mikono majini hadi kwenye viwiko, na Mama Pacha alichukua kasia moja, akampa mumewe la pili.

"Piga pamoja na mimi," alisema. "Usihesabu. Nifuate tu."

Alihesabu kimoyomoyo, lakini alimfuata.

Walifika saa tisa na kitu, wamelowa hadi magotini. Dada yake mama mkwe aliwapokea ufukweni na viti vitano, ambavyo vilibaki vitupu hadi jua likapoa. Kila alipowakaribisha ndani, mmoja alikuwa akikausha kiti cha kijani, mwingine anakaza skrubu, na pacha walikuwa wakiwaonyesha watoto wa ng'ambo mahali pa kukaa.

"Hivi nyinyi mmekuja kunisalimu mimi," aliuliza mwishowe, "au mmekuja kuitembeza hiyo boti?"

"Tumekuja kukusalimu, Mama Mkubwa," alisema Fundi kutoka chini ya injini. "Shikamoo."