Mwaka Niliorudishwa Kipaimara

Nimechoka, rafiki yangu, na sina sababu ya kukuficha. Mkuu wa chuo kidogo cha kanisa ninakofundisha hapa Moshi aliniita ofisini akanipa kazi: niandike mtaala wa somo jipya, litakalounganisha teolojia na huduma ya vitendo, ili wanafunzi wetu wasiwe watu wa kujua mengi na kutenda machache. Nikaitikia. Umri wangu huu wa miaka hamsini na kitu umenifundisha kuitikia kwanza na kulalamika baadaye. Nimekaa na karatasi zile majuma matatu. Nimeandika malengo, nimeandika malengo mahususi, nimeandika njia za kupima malengo mahususi. Jumamosi iliyopita nikafunga kompyuta, nikapanda nyumbani Marangu angalau macho yapumzike.

Nyumbani siku hizi ni kihamba, shamba letu la migomba, na nyumba iliyofungwa kufuli, maana bibi aliyenilea alitangulia zamani. Nilishika njia ya chini, ile inayofuata mfereji, nikajikuta nimesimama mahali palipokuwa na nyumba ya Meku. Migomba imeng'olewa yote. Pamezungushiwa ukuta wa tofali, na ndani yake kuna nyumba ya wageni wanaosubiri kupanda mlima. Mlinzi akatoka akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia simtafuti mtu. Lakini sikuondoka upesi.

Meku kwa Kichagga ni mzee tu, si jina la mtu. Kijijini kwetu wazee walikuwa wengi, ila ukisema Meku bila kuongeza neno kila mtu alijua ni yule wa chini ya mfereji, mwenye miguu mibovu na ng'ombe mmoja, ambaye alikuwa hajakanyaga kanisani tangu sisi tuzaliwe. Watoto tulimwogopa. Watu wazima hawakumwogopa, walikuwa wamemzoea tu, wakapita mlangoni kwake kama unavyopita kwenye kisiki.

Mwinjilisti wa mtaa wetu, aliyekuwa akitufundisha mafundisho ya kipaimara, alikuwa mtu mwembamba wa mabuti ya mvua, mkulima wa kahawa kama baba zetu. Alipenda kusema kwamba Neno lisiloshuka mikononi huozea kichwani. Alikuwa na utaratibu wake ambao sikuuona pengine popote. Kila mwanakipaimara alipewa mtu wake: mjane, mgonjwa, mzee asiye na mtoto wa karibu. Siku tatu kwa juma, ukitoka shule, unakwenda kwa mtu wako. Unamchotea maji, unamkatia ng'ombe wake majani, unafagia. Juma la mwisho kabla ya Jumapili ya kipaimara, mwinjilisti alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akimuuliza kila mtu juu ya mtoto aliyeletewa. Aliuliza swali gani, sisi hatukujua. Tulidhani anauliza kama tumefanya kazi.

Mimi nikapewa Meku. Nililia siku ile, kisha nikajipanga. Hebu nijisifu kidogo: hakuna mtoto aliyenishinda kukariri. Amri zote na maelezo yake, imani, sala, sakramenti, vyote nilivimwaga bila kupumua, na bibi alikuwa akinisimamisha mbele ya wageni niwasomee wakati chai inachemka. Kwa Meku nikatumia akili hiyohiyo. Nilijua kwamba mchana hukaa ndani karibu na moto. Basi nilifika kimyakimya, nikatua mzigo wa majani kwenye banda lililoegemea nyumba, nikakatakata mgomba kidogo, nikazoa samadi, nikajaza ndoo na kuiweka kizingitini, nikaondoka. Mkono unafanya kazi, mdomo unakariri. Nilimsikia akikohoa ndani. Wakati mwingine alisema kitu, sauti ya kuuliza, lakini mimi nilikuwa tayari nimeshafika kwenye mfereji.

Sikukosa siku hata moja. Masika njia ile ilikuwa na utelezi kama mlenda, na bado nilikwenda. Bibi akanishonea gauni jeupe kwa fundi wa mjini. Mjomba akaandikiwa barua aje kutoka Dar es Salaam. Mbuzi akatengwa, ndizi za machalari, za kupikwa na nyama, zikaachwa zikomae kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko, na mimi kila jioni nilikwenda kuzitazama. Katika maisha yangu yote sijawahi kuitaka siku kama nilivyoitaka ile.

Siku nne kabla, mwinjilisti akaja. Aliketi jikoni, bibi akampa mtori kwenye bakuli, akaunywa wote mpaka mwisho kwanza. Ndipo akasema, "Mama, mtoto hatasimama Jumapili."

"Ameshindwa swali lipi?" bibi akauliza.

"Maswali hajashindwa. Nimekwenda kwa Meku nikamwambia, mbe, mzee wangu, mtoto niliyekuletea unamjua? Akanijibu, majani yake nayajua. Mtoto simjui."

Nikaruka kutoka kwenye kigoda. Nikamwambia nimekwenda kila siku ya zamu, mvua na jua, ng'ombe yule amenenepa kwa mikono yangu, aende akamtazame. Nilisema hayo yote nikilia, kwa sauti ambayo mtoto wa Kichagga hakupaswa kuitumia kwa mkubwa. Mwinjilisti hakukasirika. "Ng'ombe umemlisha vizuri," akasema. "Lakini mimi nilikutuma kwa mtu."

Bibi alikuwa mzee wa kanisa. Kwa neno lake moja kwa mchungaji, mambo yangegeuka, na nilikaa nikimtazama nikingojea avae khanga aende usharikani. Aliosha bakuli. Akalifuta. Akasema, "Haya, mbuzi atasubiri." Usiku ule nilimchukia, na sijui kama niliwahi kumwomba radhi kwa hilo.

Asubuhi alikwenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la isale, akalipiga fundo, akanikabidhi. Kwetu, ukimkosea mtu ukampelekea isale lenye fundo, hawezi kukunyima msamaha, hata kama ulimwaga damu. Nikamuuliza mimi nimemkosea nini mtu ambaye nimemtumikia mwaka mzima. Bibi akanitazama kama mtu asiyeamini alichokilea. "Umepita mlangoni kwa mzee mwaka mzima hujamwambia shikamoo," akasema. "Na yeye yumo ndani anakusikia."

Nilikwenda na hasira zangu. Kwa mara ya kwanza nikaingia ndani. Palinuka moshi, maziwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha. Nikasema shikamoo, nikamnyooshea isale bila kumtazama usoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye nyasi za paa juu ya kichwa chake.

"Marahaba," akasema. "Sasa kaa, nikuone."

Jumapili ile niliketi benchi la nyuma pembeni ya bibi, nikawaona wenzangu wakiingia wawili wawili wamevaa meupe. Shuleni wakanibandika jina, Mwalimu wa Majani, likanishika miezi. Gauni likalala sandukuni na vidonge vya nondo. Mjomba alikuja hata hivyo, maana barua ya kumzuia ilichelewa, akala ugali na maharage akarudi zake. Aibu ile bado naijua ilipokaa mwilini.

Mwaka wa pili ndio uliokuwa na kazi. Kukata majani si kitu, kukaa ndiko kugumu. Meku alizungumza polepole, nusu Kichagga nusu Kiswahili, akisimama katikati ya sentensi mpaka unadhani amelala. Mimi nilikuwa mtoto wa majibu, sikujua nifanye nini na mtu anayenyamaza. Haraka haraka haina baraka, watu husema, lakini hawakuambii kwamba polepole nayo inauma. Kidogo kidogo nikajua. Alikuwa mmoja wa vijana waliochimba upya mfereji ulipobomoka. Aliteremka tambarare kulima mpunga huko Chekereni, akaoa huko, akaja kurudi mlimani peke yake. Alipenda ndizi ya kuchoma iliyoungua upande mmoja, na ukimletea isiyoungua aliirudisha motoni mwenyewe.

Siku moja, nikiwa nachochea kuni, akaniuliza, "Hilo Neno mnalofundishwa linasemaje kwa mtu aliyezika watoto wanne?"

Nikaweka kuni chini, nikaanza. Nilimpa maelezo ya imani, nikampa ufufuo, nikampa na aya tatu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema, "Umesema vizuri. Sasa nyamaza kidogo."

Nikarudisha kuni motoni. Ng'ombe alikuwa akicheua upande wa pili wa ukuta. Baada ya muda nikamuuliza walikuwa wanaitwa nani. Akaniambia, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu ikabidi amtafute jina, macho kwenye moto, mpaka akampata. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akimtafuta mtoto wake namna ile.

Nilikwenda kwa mwinjilisti nikamkuta anapogoa kahawa, nikamweleza swali, nikangoja jibu. Akafuta kisu kwenye suruali. Akasema hilo hata yeye halijui. "Ukafanyaje?" akaniuliza.

"Nikakaa."

"Basi," akasema, akarudi kwenye mbuni wake.

Meku alikufa wakati wa kuchuma kahawa, mwezi mmoja kabla ya kipaimara. Aliyemkuta ni mimi, mchana, na mzigo wa majani kichwani. Wazee wa kanisa walijadiliana kama kengele igongwe kwa mtu asiyeshiriki. Bibi aliwasikiliza, akasimama, akaenda kuigonga mwenyewe, na mjadala ukaishia hapo.

Unajua kwetu maziko hayaendi bila historia ya marehemu kusomwa. Kaburi liko wazi, watu wamejaa kihambani, mchungaji akauliza historia anasoma nani. Ndugu hapakuwa na hata mmoja. Majirani walitazamana. Walikuwa wameishi naye miaka thelathini, wakipokezana zamu ya maji ya mfereji, na walichokijua ni miguu mibovu na mbege. Mwinjilisti alikuwa anatazama mabuti yake, hakunitazama kabisa. Ni bibi aliyenichoma ubavuni kwa kidole.

Nikasimama sina karatasi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu nilichokariri. Nikawaambia kuhusu mfereji, nikaonyesha kwa mkono ni kipande gani. Nikawaambia mkewe alikuwa nani na alitokea wapi. Nikataja watoto wanne kwa majina, kwa mpangilio waliozaliwa. Nikasema na habari ya ndizi iliyoungua, watu wakacheka kidogo, kisha mama mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaanza kulia akisema, kumbe, kumbe.

Mwaka ule mwinjilisti hakwenda kumuuliza mtu yeyote habari zangu. Nilisimama na watoto niliowazidi mwaka mbele ya usharika, gauni limeteremshwa upindo wote na bado likaishia juu ya vifundo. Mbuzi alikuwa amezeeka, nyama ngumu, mjomba akailaumu hadharani. Nilikuwa na furaha, ila ya namna nyingine, tulivu, iliyokuwa na Meku ndani yake.

Utaratibu ule ulikufa na mwinjilisti. Aliyemfuata alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na mitaa mitatu na pikipiki moja. Siku hizi watoto husomeshwa kipaimara wakati wa likizo, wazazi wanauliza kama haiwezekani kufupisha, na Jumapili yenyewe ina ukumbi, mshereheshaji na keki. Siwalaumu. Wanafunzi wangu nao huenda huduma ya vitendo wiki sita, wanarudi na fomu: wagonjwa waliotembelewa, idadi, wafungwa waliotembelewa, idadi, muhuri wa mchungaji. Mimi naweka sahihi. Nimeweka sahihi nyingi mno, na sijapata kumwuliza hata mmoja wao jina la mtu aliyemtembelea.

Na huku kuchoka ninakokwambia, nisikudanganye kwamba ni kwa sababu ya mtaala. Miezi miwili iliyopita alifariki jirani yangu wa hapa Moshi, muuguzi mstaafu, nyumba ya pili kutoka kwangu. Tumekaa jirani miaka tisa. Tulipungiana mikono getini, nilimwita Mama, aliniita Mwalimu, na kila palipokuwa na mchango wa mtaa nilituma kwa simu siku ileile. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa, familia iliniomba nisome historia ya marehemu. Wakanipa karatasi, maana waliiandika wao. Niliisoma vizuri, kwa sauti ya kutulia, na watu walinisifu baadaye wakati wa chakula. Ukurasa wa pili paliandikwa kwamba mama huyu alimzika mwanawe wa pekee, na mwaka uliotajwa ndio mwaka niliohamia pale. Nikasita, nikaendelea kusoma. Maana nilikumbuka. Nilikumbuka turubai barabarani, viti vikishushwa kwenye gari, wanawake wakiimba mchana kutwa, na mimi nikiinuka kwenye meza yangu kwenda kufunga dirisha, ili nisahihishe mitihani.