Ufalme wa Tatu na Nyumba ya Mama Rose

Mpaka leo nikimwona mtu aliyekuwa kwenye ule ukumbi wa Kator nageuza njia, hata kama nimebeba mzigo, hata kama jua liko utosini, na ninyi mnaonijua mnasema Keji siku hizi anaringa, kumbe ni aibu tu. Nimewahi kuanguka kwenye tope siku ya harusi ya binamu yangu (na gauni lenyewe la kuazima), nimewahi kuchapwa mbele ya shule nzima kule Eldoret, na hayo yote nayasimulia huku nacheka. Hili silicheki. Nalisimulia kwa sababu kila mtu analieleza anavyotaka na wengine wameshaongeza chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi nachora. Nililelewa Kenya, tukarudi Juba nikiwa msichana mkubwa asiyejua Kiarabu cha hapa zaidi ya salamu na malesh, yaani pole, na rafiki wa kwanza niliyempata ni Moses, jirani yetu, kwa sababu kwao kulikuwa na sola na kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo wa Falme za Ukungu. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa nchi za kubuni, za majoka na wafalme na misitu inayosema, wewe unatembea humo na upanga wako unatafuta njia. Umetoka mara tatu, na kila toleo limechorwa kivyake. Ufalme wa kwanza ni kama umepakwa rangi za maji, milima imelowa lowa, nyasi zinayumba, madirisha yana mwanga wa njano, yaani ukiingia kijijini unajisikia umefika kwenu hata kama hapo ulipo una njaa. Wa pili ni mistari mizito ya wino, vichochoro na mvua isiyokatika, unaucheza umeinamisha mabega. Wa tatu ndio uliochorwa mpaka vumbi unaliona likielea kwenye mwanga, kila jani, kila ufa wa ukuta, ila ufalme wenyewe umeshaanguka, ni magofu na majivu na upepo, na hukutani na mtu.

Mimi na Moses tumegombana miaka juu ya falme hizo. Yeye ni wa ule wa kwanza, anasema wa tatu ni maridadi lakini ni baridi. Mimi nilikuwa wa ule wa tatu. Nilikuwa nasema ule ukimya wake unaingia mifupani, na kwamba mchoraji aliyeweza kuuchora ukiwa wa mahali namna ile ameshinda wachoraji wote. Nilikuwa nalisema hilo neno, ukiwa, kama mtu anayetaja aina ya peremende anayoipenda.

Basi, kikundi chetu cha vijana kikaandaa siku ya sanaa, kila mmoja asimame aeleze kazi anayoipenda, na ikasemekana kutakuwa na mgeni kutoka Kampala, mtu anayetengeneza michezo ya kompyuta, anatafuta mchoraji mmoja wa kwenda kufanya naye kazi. Mmoja! Nikajua ni mimi. Nikawaambia nitalinganisha falme zote tatu, michoro yake na hali inayokuletea moyoni, kwa picha, ukutani, na projekta.

Picha zilikuwa tayari, na kama ningeziacha vile zilivyokuwa nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Jumatano nilitoka soko la Custom nikapitia mtaa wa Malakia, jua linaelekea kuzama, nikaiona nyumba moja ya matofali ya udongo, ukuta wa mbele nusu umeporomoka, mabati yamelala upande, rangi ya bluu inabanduka, na ule mwanga wa jioni umeigonga kwa pembeni kama mtu ameiwekea taa makusudi. Nikasimama. Nikasema moyoni, huu ni ufalme wa tatu kabisa. Nikatazama huku na huku (mnajua hapa mjini kupiga picha ovyo barabarani ni kujitafutia maneno), nikatoa simu, nikapiga moja ya harakaharaka, nikaondoka.

Nilipomwonyesha Moses hakuipenda.

"Hiyo itoe," akasema. "Ni nyumba ya watu."

"Watu gani? Huoni pamekwisha pale?"

"Ulibisha hodi?"

Nikamwambia yeye ndiye wa kuendesha kompyuta tu, picha aniachie mimi.

Jumamosi ukumbi ukajaa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wao baada yetu, nao wakawahi, wakakaa nyuma kwenye kivuli na lawa zao, zile shuka za rangi moja zilizofungwa begani, wanajipepea. Mgeni wa Kampala alikaa mbele, mtu mpole mwenye miwani. Nikapewa maiki, ile isiyo na waya, nikaanza.

Na niseme kweli, nilisema vizuri. Nilipoonyesha ufalme wa kwanza hata wale akina mama waliacha kujipepea, mmoja akasema kwa sauti kwamba ule mlima ni kama wa kwao Kajo-Keji. Nikaeleza ule wa pili, jinsi wino mweusi unavyoweza kukufanya usikie mvua. Mgeni akawa anaitikia kwa kichwa polepole. Nikafika wa tatu, nikasema haya ndiyo magofu yenye heshima, hapa mchoraji hakukupa mtu wa kumhurumia, amekupa ukuta peke yake, na sasa, nikasema, msidhani haya yako mbali, na hapo nikamwashiria Moses. Picha ya Malakia ikaja ukutani, sambamba na ile ya mchezo.

"Tazameni," nikasema. "Mwanga ule ule. Ukimya ule ule. Hii ni nyumba iliyokufa."

Vijana wakapiga makofi. Kule nyuma mama mmoja akasimama, mrefu, amejifunga kitambaa cheupe kichwani.

"Wewe mtoto," akasema, "rudia hiyo neno."

Mimi nikadhani hakusikia vizuri. Naapa. Nikadhani ni mambo ya sauti, kwa hiyo nikaisogeza maiki mdomoni, nikatabasamu, nikarudia polepole, kila silabi, ili na yeye afaidi: "Nimesema, mama, hii ni nyumba i-li-yo-ku-fa."

"Hiyo nyumba ni yangu," akasema. "Mimi iko ndani. Mimi sijakufa."

Ule ukimya niliousifia sana ukaingia ukumbini. Sijui kwa nini sikusema pole nikanyamaza. Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nikaanza kueleza, nikasema mama sina maana mbaya, kwa jicho la sanaa nyumba yako ni nzuri sana.

"Nzuri? Mvua ikinyesha wewe njoo lala."

Wachache wakacheka, cheko lile la kuogopa. Nikamgeukia Moses nikamwambia kwa meno yaliyofungwa aitoe, aitoe, naye kwa kuchanganyikiwa akabonyeza sijui wapi, badala ya picha kutoka ikakua. Ufalme wa tatu ukasukumwa nje, nyumba ikajaa ukuta mzima, ukuta uliobomoka, mlango, giza la mlango. Kijana mmoja wa mbele akanyoosha kidole.

"Kuna mtu."

Kweli alikuwepo. Ndani ya lile giza, kwenye kiti, mzee amekaa, mkono mmoja umeshika pazia, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi niliyekuwa nimeshika simu. Nilikuwa nimeiangalia ile picha siku tatu, nimeisawazisha rangi, nimekata pembe, sikumwona.

Yule mama akaja mpaka katikati ya ukumbi. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mume wangu hasemi. Tangu ugonjwa imemshika, mdomo yake haitoki neno. Toka Jumatano anaonyesha barabara, anaonyesha barabara, analia, chakula anakataa, mlangoni hatoki. Sisi tunauliza, Baba Rose, nani alikuja? Hawezi sema. Mimi nikajua watu wa kunyang'anya kiwanja wamekuja kupima. Nimekaa macho siku zote hizi. Kumbe ni mtoto na simu."

Mnaishi Juba, mnajua. Mtu asiyemjua akisimama mbele ya nyumba yako akapiga picha akaondoka bila salamu, huwazi sanaa. Unawaza utaamkia wapi.

Nikatoka. Sikuaga, sikusema malesh, nilishuka jukwaani nikapita mlango wa pembeni nikaenda nyuma ya ukumbi, kwenye ukuta wa choo, nikachuchumaa nikalia kwa sauti. Na nikawa najisemea, kama mtu anavyojisemea akiwa peke yake: "Mungu wangu, Keji umejimaliza. Kazi imekwenda. Yule mgeni ameona kila kitu. Kampala yangu imekwenda, yote kwa sababu ya kibanda kibovu…"

Nikasikia "kibanda kibovu" ikirudi kutoka ndani ya ukumbi, kubwa, na mwangwi wake.

Moses alikuja anakimbia. Hakunigombeza. Alinibandua vidole kimoja kimoja kwenye maiki, akaizima.

"Ilikuwa wazi," akasema.

"Wamesikia?"

"Wote."

"Na yeye?"

"Na yeye," Moses akasema. Nilielewa kwamba yule mama, Mama Rose mwenyewe, alisimama pale katikati akanisikia nikililia Kampala, na kwamba jina la mumewe, au chakula alichokataa, havikuwemo katika machozi yangu hata kidogo. Kuaibika mbele ya watu kunapita. Hilo la pili bado ninalo.

Jumapili baada ya ibada nilienda Malakia. Moses alitaka kunisindikiza nikakataa. Nilisimama mbele ya ule ukuta nikabisha hodi, nikabisha tena, mpaka Mama Rose akatokea. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilipofungua mdomo akanyoosha kiganja.

"Usiambie mimi. Ambia yeye."

Mzee alikuwa kwenye kile kiti. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamweleza mimi ni nani, kwamba sikutumwa na mtu, kwamba hakuna anayekitaka kiwanja chake, kwamba nilipenda mwanga tu nikapiga picha kama mwizi na nikaisema nyumba yake vibaya mbele ya watu. Nikatoa simu nimwonyeshe nikiifuta. Akaushika mkono wangu. Mkono wake mmoja ulikuwa na nguvu bado. Akaitazama picha muda mrefu, kidole chake kikapita juu ya ukuta ulioanguka, akatikisa kichwa, akatoa sauti ambayo sikuielewa, kisha akanielekeza upande wa pili wa nyumba, akarudia, akarudia, mpaka jasho likamtoka.

"Anasema mbona umechukua huku," Mama Rose akasema. "Hiyo ukuta mvua imeangusha wakati yeye amelala hospitali. Nyumba hii amejenga na mikono yake. Upande ule iko sawa."

Nikazunguka nikautazama. Kulikuwa na chumba cha matofali yaliyopangwa yakanyooka, dirisha lenye nondo, jiko safi limefagiliwa, nguo mbichi kwenye kamba, sufuria zimefunikwa na kitambaa kilichotariziwa maua. Hatua chache kutoka pale niliposimama Jumatano. Nikarudi, nikamuuliza Mama Rose kama naweza kupiga picha ya upande huo, ili nije niionyeshe pale ukumbini, watu wajue.

"Hapana," akasema. "Hiyo hapana."

Nikaifuta ile niliyokuwa nayo, mzee akiona. Akaachia mkono wangu. Sikupewa chai wala sikutarajia. Siku chache baadaye mama yake Moses alituambia kwamba Baba Rose anakula tena, kwamba amemaliza asida yote, ule ugali wa huku, akaomba nyingine, na mimi niliposikia hivyo nilienda nikakaa peke yangu kidogo.

Kazi ya Kampala aliipata msichana mwingine wa kikundi chetu, anachora ng'ombe, na anawachora vizuri kuliko nitakavyowahi kuchora mimi. Yule mgeni aliniambia neno moja tu kabla ya kuondoka, tena kwa upole: kwamba ufalme wa kwanza niliueleza kama mtu anayeujua, na wa tatu kama mtu anayepita.

Ninaucheza bado ule wa tatu, mara chache. Naingia kwenye yale magofu na sioni tena heshima niliyokuwa naihubiri. Natafuta kamba ya nguo. Natafuta sufuria, majivu ya jiko la jana, kiti kimoja. Hakuna, wachoraji wale wamechora kila ufa wakasahau kwamba ukuta huwa na mwenyewe. Moses ananiuliza kama nimekubali sasa kwamba alikuwa sahihi, na mimi namwachia kompyuta yake, kwa sababu nilichokubali si cha kubishania kwenye kompyuta. Nimeapa tu kwamba neno ukiwa sitalitoa tena mdomoni mwangu kulipamba jambo, mbele ya mtu yeyote, iwe kwa maiki au bila maiki.