Darubini ya Uani

Juzi mjukuu wangu alinichungulisha kwenye darubini yake, na ghafla nikasikia harufu ya mafuta ya taa na mavi ya kuku.

Baba yetu alikigeuza kibanda cha majembe, uani kwetu Makorora, kiwe chumba cha kutazamia nyota. Paa la bati aliliwekea magurudumu. Likisukumwa, lilikwaruza mpaka meno yaniume. Alitaka mwezi wa mfungo auone yeye kwanza.

Alasiri moja, kabla ya kwenda msikitini, alimruhusu dada Mwanaisha aingie humo, mradi niwe naye. Dada alikuwa mwari, amewekwa ndani tangu avunje ungo. Mimi nilidhani ni mgonjwa asiyepona.

"Tazameni juu tu," baba alisema, akatufungia komeo kwa nje.

Kibanda kilikuwa na joto la tanuri na harufu ileile ya mafuta ya taa na kuku. Tukalisukuma paa. Lakini dada hakutazama juu. Aliiinamisha darubini ya baba, akaipitisha juu ya ukuta mpaka barabarani, akatazama, machozi yakimtiririka.

Nilimsogeza nikachungulia. Rafiki zake ambao bado hawajawekwa ndani walikuwa wakirudi kutoka chuo cha Kurani, miguu juu, vichwa chini. Leo najua darubini za nyota huonyesha hivyo kila kitu. Siku ile nilipiga kelele:

"Dada, wamepinduka! Wataanguka!"

Alinivuta taratibu, akalirudisha jicho lake palepale.

"Waache, mdogo wangu," alisema. "Si wanatembea?"