Kaya Iliyofutwa kwa Kifutio

Juzi mjukuu wangu, anayetengeneza kompyuta hapa Bariadi, alinitia ubaridi. Anasema mashine huziahidi programu zake nafasi kubwa kuliko iliyo nayo. Kumbukumbu ikijaa kabisa, huchagua moja, mara nyingi ile inayokula nafasi zaidi, na kuiua ili nyingine ziishi. Haiulizi.

Nikamwambia, mayu, mama yangu, hilo nililiona wakati wa Ujamaa. Kijiji kilikuwa na daftari moja la kaya, na kila aliyehamishiwa kwetu aliahidiwa kuandikwa. Asubuhi ya kuwagawia walioandikwa unga wa njano wa msaada, mbele yangu kwenye foleni alisimama jirani yangu, mama wa watoto tisa.

"Mayu, humo daftarini," karani akasema bila kuinua macho.

"Baba, si mimi huyu hapa?"

"Daftari limejaa, na wageni wamekuja. Ningefuta kaya ndogo, ningefuta nyingi. Ninyi mlishika mistari kumi na mmoja." Akapuliza vumbi la kifutio mezani.

Yule mama akatugeukia foleni nzima. "Mwangaluka!"

Kwetu salamu haiachwi, hata ya mchawi huitikiwa. Siku ile hakuna aliyeitikia. Mimi nilitazama chini, kuona kama bado ana kivuli. Alikuwa nacho. Na bado sikuitikia.

Mjukuu wangu anasema programu zinazobaki huendelea kama kawaida. Najua. Karani aliita jina langu, nikampita yule mama, nikasogea na ndoo yangu.